Kiazi Nilichomtafunia Mtoto wa Watu

Wamama wenzangu, takwenya! Mnaitika kama watu wamechoka, na najua mmechoka, watoto wa watu si mchezo. Lakini leo mnivumilie nisimame, kwa sababu nikikaa sauti yangu haifiki huko nyuma. Kifua changu kilibaki hivyo, na hicho kifua ndicho kimenileta hapa mbele.

Nimesikia maneno kwenye kikundi chetu. Ati mtu wa afya anakuja kukagua nyumba za kulea watoto, na ati kuna mtu pale steji ya matatu anatoa vyeti vya hospitali bila wewe kupimwa hata joto. Mnacheka. Mimi pia nilikuwa nimeagiza changu kwake, miaka ile.

Nilianza kulea hapa Kitengela wakati pundamilia walikuwa bado wanalisha nyuma ya choo chetu. Bwana yangu alikuwa askari wa geti kiwandani. Wasichana wa viwanda vya nguo kule Athi River walikuwa wananigongea kabla ya jua, wananipa mtoto akiwa na joto la blanketi, halafu wanakimbia. Nilikuwa na chumba kimoja. Dirisha nililipigilia misumari kwa sababu ya vumbi na baridi. Nilijiona mlezi hodari, na wamama walinisifu.

Kulikuwa na mmoja, msichana mdogo, hataki uji, hataki kijiko. Kwetu magharibi nyanya yangu alitulea kwa kututafunia, kwa hivyo nikawa namtafunia kiazi mpaka kinakuwa laini, nampa kwa kidole. Alikuwa ananiangalia mdomo tu, anangoja. Ndugu zangu, nawaambia ukweli, nilimpenda huyo kuliko wengine.

Mtu wa afya akaja. Akaangalia choo, akaangalia mtungi wa maji, akasema hili dirisha lifunguliwe, nikasema sawa. Nikajua nimepita. Sasa yule mtoto akalia njaa, na mimi nikataka mgeni aone vile najua kazi. Nikachukua kiazi, nikatafuna, nikageuka nikakohoa kando kwa heshima, nikarudi nikatafuna tena, nikampa mtoto. Nikamwangalia yule mtu nikitabasamu.

Akaweka kalamu yake mfukoni.

"Mama, hicho kikohozi kimekaa sana?"

"Ni vumbi tu, daktari."

"Mimi si daktari. Na cheti cha kununua usiniletee, navijua vyote. Enda Kajiado upimwe kifua. Mpaka urudi, sitaki kuona mtoto hapa ndani."

Nilimtukana nyuma yake kwa Kiswahili, kwa lugha ya kwetu, na kwa kale Kimaasai kadogo nilikokuwa nako. Nikaenda hospitali Kajiado kwa hasira, ili nirudi na karatasi nimfunge mdomo. Wakachukua makohozi yangu. Niliporudi kuchukua majibu, nesi alinikalisha kwanza. Nilikuwa na kifua kikuu.

Miaka hiyo ukisema TB, watu walisikia ule ugonjwa mwingine. Bwana yangu alisikia hivyo. Hakunipiga, hakupiga kelele. Alikunja nguo zake vizuri, akaenda kukaa na wenzake kazini, na hakurudi tena.

Nesi alikuwa ameniambia jambo moja zaidi: kila mtoto niliyekaa naye lazima apimwe, na mama zao waambiwe. Mimi niko na dada kule Rombo. Nikasema ningeenda huko, ningemeza dawa zangu, na hapa ningesahaulika. Nikafunga begi. Nikafika kwa ile leso niliyokuwa nambebea yule mtoto wa kiazi, na nikaishika tu nikakumbuka kikohozi chake. Kidogo, kikavu. Siku nyingi nilikuwa namwambia mama yake ni meno yanatoka.

Nilikaa chini na lile begi nikalia. Halafu nikasimama nikaenda kugonga milango.

Wa kwanza alinifungia. Wa pili alilia, akaniuliza kama mtoto wake atakufa. Mama ya yule msichana alikuwa anaosha vyombo. Nilipomaliza kusema, alinimwagia yale maji yote. Akaniambia, "Mimi nilikupa mtoto. Wewe umenirudishia nini?"

Nilimwambia, "Nitukane ukiwa njiani kwenda hospitali."

Akaenda. Mtoto alikuwa nacho hicho kifua kikuu. Daktari alisema si kile kiazi, ni hewa: dirisha limefungwa, mimi nakohoa, yeye yuko mgongoni. Kujua hivyo hakukunisaidia chochote. Alikonda mpaka shingo ikashindwa na kichwa. Siku za dawa tulikuwa tunakutana kliniki kwa benchi moja, mama yake anakaa mwisho ule, mimi mwisho huu, na mtoto ananinyoshea mikono. Mama anaishika, anairudisha chini.

Mama mwenye ploti niliyopanga, Mmaasai, alikuwa ananiletea maziwa asubuhi ameshayachemsha, anakaa nami juani. Nikamuuliza, "Yeyo, mama yangu, wewe huogopi?" Akasema, "Nimezika wawili kwa hicho kifua. Nikiogopa leo, watarudi?" Mungu ampumzishe. Namshukuru yeye, namshukuru yule nesi, na yule mtu wa afya niliyemtukana. Nilipopona na kurudi na cheti, alikuja tena, akalisukuma dirisha kwa mkono wake, likafunguka, ndipo akanipa ruhusa ya kulea.

Yule mtoto aliishi. Mama yake hajanisalimia mpaka leo, na simdai salamu. Msichana huwa anapita kwangu akienda shule. Juzi kulikuwa na vumbi, akakohoa pale barabarani, na mimi nikasimama mlangoni na sufuria mkononi mpaka akanyamaza.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi tunaolea, tukificha, kinaanza na mtoto wa mwenzetu. Kwa hivyo hayo mambo ya kununua vyeti muache. Kesho asubuhi naenda Kajiado kupimwa, kama vile huwa naenda kila mwaka. Mkinikuta kwa lile benchi, msikae mwisho ule mwingine. Mkae karibu na mimi.