Wenye Makaburi Tu

Ndani ya lori lililotoka Kasongo, mama mmoja alimgeukia mzee aliyeketi kwenye gunia la jirani. Alikuwa amesikia kwamba mzee huyo ni mjumbe wa kamati ya jiwe la kumbukumbu, litakalowekwa mjini kwa ajili ya wachimbaji dhahabu waliofukiwa shimoni Lusangi. "Papa, juu ya nini jina ya mutoto wangu Ayoubu, mwenye hakutoka mu shimo, haiko?"

"Tuliandika wenye walizikwa tu, mama. Ule Nourdine, mwenye maiti yake haikuonekana, tulimusomea hitima, kisha akarudia na bibi mupya, akauliza kama wali ilibakia."

Abiria walicheka. Mama hakucheka. "Ayoubu akirudia, nitafuta jina yake kwenye jiwe mimi mwenyewe, na kucha zangu."

"Komite imesha kupitisha majina, mama."

Hoja ya kamati ina mantiki: asiye na kaburi huenda yu hai. Matokeo yake ni kwamba jiwe wamelipata wale ambao tayari wana makaburi.

Lori liliposimama Lusangi, mama alishuka. "Unaenda kwa nani huku?" mzee aliuliza.

"Kwa Ayoubu," alijibu, akashika njia ya shimoni.