Mzee Tharsisi na Chungu cha Rungwe Mpya

Tarehe 30 Juni, Mzee Tharsisi Habonimana, mtaalamu wetu wa eksirei, anastaafu baada ya miaka thelathini na sita ya utumishi. Alianza kazi Kibondo, akahamia hapa Kasulu mwaka 2003, na tangu hapo sijui kama kuna mfupa uliovunjika kati ya Muyama na Rungwe Mpya ambao haujapita mbele ya macho yake.

Asubuhi huisalimia mashine kwanza, ndipo atukumbuke sisi. Na kwa kuwa huku kwetu mgonjwa haachwi peke yake, mkono mmoja uliovunjika huja na shangazi watatu. Mzee ametumia nusu ya utumishi wake kuwatoa shangazi chumbani, mmoja mmoja, kwa upole, bila kumfokea mtu.

Miaka miwili iliyopita alirudi kutoka semina Mwanza na jambo jipya, akatueleza wakati wa chai. Alisema seli iliyopigwa na mionzi hutoa ishara, na seli za jirani ambazo hazikuguswa kabisa huweza kudhurika, kama nyumba isiyoungua inavyoingiwa na moshi wa nyumba ya pili. Jambo hilo limeonekana maabara. Kwa picha zenye mionzi kidogo kama zetu, wataalamu bado wanachunguza. Kwa hiyo tusimpige mtu picha isiyo ya lazima. Akamalizia kwamba hayo yote ni ndani ya mwili wa mtu mmoja, wala hayatoki kwa mtu kwenda kwa mwingine. Wakati huo sisi tulikuwa tunagombea maandazi.

Somo likafika mtaani bila sehemu ile ya mwisho. Bi Apoline Niyonzima, mjane wa Rungwe Mpya, alikuwa ametoka kupigwa picha ya mkono. Majirani wakaambiwa kwamba aliyepigwa mionzi humdhuru anayekaa karibu naye. Kanisani akabaki peke yake kwenye benchi. Siku ya kusaidiana kuvuna maharage, wenzake walipokizunguka chungu cha pombe ya ndizi na kupokezana mirija, yeye alitiliwa kikombe chake, akakinywea pembeni. Kwetu, kumtoa mtu kwenye chungu ni kumtoa kwenye ujirani. Binti yake Chantal alikuja kumweleza Mzee kwamba mama hatoki tena nje, na chakula kinamshinda.

Mzee hakuitisha kikao. Jumamosi alipanda bodaboda hadi Rungwe Mpya, akamshika Bi Apoline mkono, akamketisha mbele ya chungu walichokizunguka majirani, naye akaketi ubavuni pake.

"Bagenzi," aliwaambia majirani kwa Kiha, yaani wenzangu, kisha akaendelea, "nimeishi na mashine ile miaka yote, na nyumbani nalala na mke wangu. Kama mionzi ingeambukiza, Maximilla angekuwa wa kwanza kuugua. Kosa ni langu. Nilieleza vibaya."

Bi Apoline akanywa. Mzee akaupokea mrija uleule, akanywa pia, ingawa ana vidonda vya tumbo na daktari alishamkataza. Kisha bibi mmoja akanyoosha mkono, akaomba mrija. Jumatatu Mzee alikuja kazini ameshika tumbo, anatabasamu.

Hakueleza vibaya. Alieleza vizuri, na alijua fika ni nani aliyeipeleka habari nusu sokoni. Hakuniuliza hata siku moja. Ni mimi, Claudine wa mapokezi, ninayeandika haya. Jumapili iliyopita nilikwenda kwa Bi Apoline, nikamwambia mwenyewe. Alilia, nami nikalia, halafu akanipa maharage ya kuondoka nayo.

Asante, Mzee wetu, kwa mifupa yote na kwa subira yote. Kosa langu umelibeba miaka miwili. Lishushe hapa mlangoni, uende nyumbani kwa Maximilla ukiwa mwepesi.