Mtoto wa Jina Langu Niliyeogopa Kumshika

Mama zangu na dada zangu, mnaniona nimesimama bila kushika kiti. Hata mimi nashangaa. Wacheni niongee kabla miguu haijachoka.

Mnajua kazi yetu huku Mukurweini: nyasi ya ng'ombe mgongoni, kamba kwenye paji la uso, mlima juu mlima chini. Mgongo ukiuma tunasema ni uzee, tunameza dawa, tunarudi shambani. Mimi nilianza kuona sketi zangu zinaburuta chini. Nikalaumu fundi. Kumbe ni mimi nilikuwa nafupika.

Siku moja wauguzi wakaleta mashine ndogo ya kupima mifupa kwa zahanati yetu. Nikavua gambuti, wakanipaka kitu baridi kwa kisigino, mashine ikakibana kidogo. Haikuuma. Muuguzi akasema, "Shosho, mifupa yako inaonekana imepungua nguvu. Enda Nyeri upimwe na mashine kubwa, tuwe na uhakika."

Ndugu zangu, nawaambia, hayo ya uhakika sikuyasikia. Nilisikia tu kwamba mifupa imeisha. Nilishuka ule mteremko nikishikilia kila mti wa kahawa, nikijua nitavunjika kabla sijafika kwangu.

Nikajilaza kitandani. Niliogopa matope, niliogopa choo, ati hata kukohoa niliogopa. Nyeri ndiyo niliogopa zaidi, wasije wakaniambia hakuna dawa.

Wakati huo mke wa kijana wangu akajifungua msichana. Mnajua kwetu, msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba. Yaani huyo mtoto ni mimi. Akaniletea kitandani. "Mami, mshike." Nikaficha mikono ndani ya blanketi, nikasema, "Mrudishe." Niliona mkono wangu ukivunjika na mtoto akigonga sakafu. Lakini hilo sikulisema.

Akaondoka naye, zikapita siku kadhaa. Halafu akarudi, macho mekundu. "Mami, kama umemkataa, niambie. Nitamtafutia jina lingine."

Nililia kama mtoto. "Sijamkataa! Naogopa nitamwangusha." Akaketi kitandani, akalia na mimi. Kesho yake akanipeleka Nyeri.

Mifupa ni dhaifu kweli, mashine kubwa ilisema hivyo. Lakini daktari akasema kulala ndiko kulikuwa kunanimaliza. Nikapewa dawa, nikaambiwa nitembee, niote jua, na mzigo wa kamba niuache kabisa. Sasa nyasi inabebwa na kijana wangu, na analalamika kuliko ng'ombe.

Siwadanganyi, bado naogopa. Mvua ikinyesha nashuka na fimbo, roho mkononi.

Asanteni nyinyi mlioniletea uji nikiwa sitaki kuona mtu. Asante muuguzi, asante mke wa kijana wangu. Mkipimwa kisigino mkaambiwa mwende mkapimwe tena, endeni. Na mkiogopa, waambieni watu wa nyumbani ni nini mnaogopa, kwa sababu wao wanaona tu mmefunga mlango.

Huyo anayelia huko nyuma ni mimi mdogo. Wacheni niketi vizuri. Haya, mleteni, nitamshika.