Kuku Tulimsingizia, Kosa Lilikuwa la Chaja

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu wa rika langu, habari za tangu asubuhi. Mwenyekiti amesema kila mwanakikundi aliyepitia jambo la kufundisha asimame aliseme, na leo zamu imeniangukia mimi. Nimeliandika kwenye daftari, mniwie radhi, maana nikisimama mbele za watu bila karatasi nasahau hata nilichokula. Majina ya watu sitayataja. Wanaojijua humu ndani wacheke taratibu.

Wengi mnanifahamu kwa ule mtumbwi wa bluu ninaovushia watu hapa ziwani Kitangiri. Mtumbwi ni wa bibi yangu, aliachiwa na marehemu babu. Siku ananikabidhi aliniwekea sharti moja tu. Alisema, "Mjukuu wangu, chukua ufanye kazi. Lakini siku kazi ya huu mtumbwi ikimuumiza mtu, wewe au mwingine, naupasua kuni, na wewe unarudi shambani kwenye alizeti." Bibi yangu huyo hapo mbele, mwenye kitenge cha njano. Mtazameni usoni mseme kama ni mtu wa kutishia tu.

Nilipiga kasia miaka miwili. Mnaujua upepo wetu wa mchana, unavyokurudisha ulikotoka. Jioni mabega yalikuwa hayainuki hata kuchana nywele. Na mimi ni mtu wa kuwaza-waza, shule yangu ni darasa la saba lakini mawazo yangu hayakuambiwa yaishie hapo. Nikawa najiuliza, hivi hakuna kitu cha kusukuma mtumbwi bila petroli? Siku moja abiria mmoja, mchuuzi wa samaki, akanionyesha kwenye simu yake mota ndogo ya umeme. Inafungwa nyuma ya mtumbwi, inatumia betri kama ya gari. Wiki nzima nikawa mtu akiniita sisikii.

Nilidunduliza pesa mpaka nikaipata, iliyotumika, pamoja na betri kubwa nyekundu. Siku ya kwanza kuijaribu, mtumbwi ukaondoka wenyewe, maji yanapasuka mbele polepole, mikono yangu imekaa mapajani haina kazi. Nilicheka peke yangu mpaka abiria wakaanza kutazamana.

Sasa, betri ikiisha inajazwa na nini? Na chaja. Nyumbani umeme tunao. Nikaenda mnadani, nikakuta chaja mbili. Moja ndogo, nyepesi, ina vitaa vya rangi. Ya pili sanduku la chuma, ilitoka kwenye gereji ya malori, vibanio vyake vinene kama mdomo wa mamba.

Muuzaji akaniuliza, "Dada, unataka ya kazi gani?"

Ndugu zangu, nawaambia ukweli, niliona aibu kusema ni ya mtumbwi. Nilijua atanicheka. Nikajibu, "Ya kazi tu." Nikachukua kubwa. Akili yangu iliniambia bomba nene linajaza ndoo haraka kuliko bomba jembamba, basi na chaja ni hivyohivyo.

Soketi ya nyumbani iko jikoni. Nikaweka betri chini kwenye kona, nikafunga mlango na dirisha ili mbuzi wa jirani wasije kurukaruka juu yake. Kwenye kona ileile kuku wa bibi alikuwa ameatamia mayai kumi na mawili ndani ya kapu, ameshafikisha wiki mbili.

Siku ya tatu bibi akaingia jikoni, akasimama, akakunja pua. "Hivi wewe husikii?"

"Nasikia, bibi. Kama mayai viza."

"Kama? Ni mayai viza. Huyu kuku ameniozeshea mayai yote."

"Lakini bibi, kuku wako kila mara anaangua vizuri."

"Pua yangu ina umri mkubwa kuliko wewe. Toa."

Nikayabeba nikayatupa shimoni. Moja likapasuka. Nikainama kutazama, maana mimi kila kitu lazima nitazame. Halikuwa limeoza. Ndani kulikuwa na mishipa myembamba ya damu na kifaranga kidogo kama kidole gumba, kinatikisika. Nikakaa palepale chini nikalia. Kuku akazunguka kapu tupu siku tatu, anaita.

Na harufu ilibaki palepale jikoni. Hapo mngetegemea mtu mwenye akili aulize, si ndiyo? Nilijiuliza mwenyewe moyoni, kama mayai yalikuwa mazima, harufu inatoka wapi? Swali nikalibeba kichwani kama mzigo usio na mwenyewe. Betri ilikuwa inapata moto kama sufuria, ukisogeza sikio unasikia inachemka ndani. Nikasema, aa, ndiyo inajaa hiyo. Maji yake yakipungua nilikuwa naongeza ya kisimani. Mnaoguna hapo nyuma, mna haki ya kuguna.

Wiki iliyofuata, saa tisa mchana, nikaenda kuitoa betri niwahi abiria. Umeme sikuzima. Nikashika kibanio kile chekundu, nikakivuta. Cheche ikaruka. Nikasikia mlio kama mtu amepiga bati kwa nyundo, kifuniko cha betri kikapasuka, na maji ya moto makali yakaniingia usoni.

Sikuona kitu. Nilisikia jirani yetu, mama anayekamua mafuta ya alizeti, anakuja mbio. Mwingine anapiga kelele, "Mpakeni maziwa! Mpakeni mafuta!" Yule mama akafoka, "Hakuna cha mafuta! Maji! Leteni maji!" Alinilaza kichwa upande, akanifungua macho kwa vidole vyake, akamimina maji safi, ndoo moja, ya pili, ya tatu. Nilimsukuma kwa maumivu, naye akanikalia mkono. Aliendelea kumimina mpaka pikipiki ya kunipeleka kituo cha afya ikafika. Mganga aliosha tena, akanifunga jicho la kushoto, akasema, "Aliyekumwagia maji ndiye aliyeokoa jicho lako. Mimi nimemalizia tu."

Niliporudi nyumbani na kitambaa usoni, nikamkuta bibi uani, ananoa shoka. Sikuwa na haja ya kuuliza ni la nini.

Nikapiga magoti. "Bibi, shikamoo."

"Marahaba. Umeona?"

"Nimeona, kwa jicho moja. Bibi, naomba siku chache. Nataka kujua kwanza kimetokea nini. Nikishajua, uupasue ukitaka."

"Kujua kutakurudishia nini?"

"Nitajua kama kosa ni la mtumbwi au ni langu."

Bibi akapima ukali wa shoka kwa kidole. Mwisho akasema, "Basi tutakwenda wote. Nataka nisikie kwa masikio yangu, usije ukanitungia."

Tukabeba betri na chaja, tukaenda Misigiri, kwa fundi wa betri na sola ambaye mganga alitutajia. Mimi nilitegemea mwanamume. Tukakuta mama wa makamo, miwani ya plastiki imepanda kwenye kilemba.

"Betri yako ni ya aina gani?" akaniuliza.

"Nyekundu."

"Nyekundu ni rangi, mwanangu," akacheka. "Ni ya maji au ya kufungwa kabisa? Ina ukubwa gani?"

Sikujua. Akachukua betri iliyopasuka, akaifuta ubavuni kwa kitambaa, maandishi yakatokea. Yalikuwepo siku zote! Volti kumi na mbili, ampea-saa mia moja, ndicho kipimo cha ukubwa wake, tena ya maji. Akasema betri ya namna hiyo, kama kitabu chake hakisemi vingine, chaja ya ampea kama kumi inaitosha. Akaligeuza lile sanduku langu la gereji. Ampea arobaini, na halijui kujizima. "Hii haikuwa inaijaza tena. Ilikuwa inaipika."

Hapo yakanitoka maswali yote. Niliuliza mpaka jua likahama upande wa pili wa duka. Akanieleza kwamba betri ya maji ikijazwa inatoa hewa inayoweza kulipuka, ndiyo maana haifungiwi ndani wala kuwekwa karibu na jiko. Inatolewa mtumbwini na kujazwa nchi kavu, penye upepo, mbali na maji. Vibanio vinafungwa kwanza, chekundu kwenye alama ya jumlisha, cheusi kwenye alama ya kutoa, ndipo umeme unawashwa. Wakati wa kuvifungua, umeme unazimwa kwanza ukutani, halafu ndipo ushike kibanio. Miwani na glavu wakati wote. Maji ya kuongeza ni yale maalumu ya betri, ya kisimani yana chumvi. Na chaja nzuri ni ile inayochagua aina ya betri na kujipunguza yenyewe ikijaa. Ile ndogo yenye vitaa, ndugu zangu, niliyoiacha mnadani!

"Na ile harufu?" nikauliza. "Ya mayai viza?"

"Betri ikizidishiwa chaji inanuka hivyohivyo. Hewa hiyo ni sumu. Ukiisikia, zima umeme kama swichi unaifikia salama, toka nje, usiishike mpaka ipoe."

Bibi, aliyekuwa amekaa kwenye benchi, akainua kichwa. "Mama, unasema ilikuwa betri?"

"Betri, bibi."

"Kwa hiyo kuku wangu..."

"Kuku wako hakuwa na kosa."

Bibi akaziba mdomo kwa kitenge. Tukashika njia ya kurudi mpaka tukakaribia nyumbani. Ndipo akasema, "Kumbe na mimi sikuuliza. Nilinusa tu, nikahukumu. Mtumbwi nao nilitaka kuuhukumu vilevile." Shoka akalirudisha kwa mwenyewe, maana hata halikuwa letu, aliliazima.

Leo nina chaja ndogo inayojizima na betri nyingine. Najazia kibandani uani, pande tatu wazi, na bibi anakuja kuhakikisha nimevaa miwani kabla sijagusa kitu.

Namshukuru jirani yangu wa ndoo tatu. Namshukuru mganga, na yule mama fundi aliyenijibu bila kunicheka, isipokuwa pale kwenye nyekundu. Namshukuru bibi kwa kukubali kusikia kabla ya kupasua. Na Mungu, kwa majina yote mnayomwitia humu ndani.

Funzo langu ni dogo. Udadisi ninao tangu utoto, ila ulikuwa wa mikono na macho, mdomo niliufunga kwa kuogopa kuchekwa. Yule muuzaji mnadani aliniuliza swali lililotakiwa kuniokoa, nikamjibu "ya kazi tu." Mwenye betri nyumbani, ya sola, ya pikipiki, ya chochote, aje tuulizane. Nisilolijua tutapanda wote twende Misigiri.

Jicho langu linaona, ila likipigwa na upepo linatoa machozi. Kwa hiyo mkiniona katikati ya ziwa nalia, msinipe pole. Nipungieni mkono tu, ninavusha watu.