Msimfunike Mtoto Wangu

Mchungaji ameniomba nishuhudie kwa upole. Nimemjibu nitajaribu. Lakini ndugu zangu, nawaambia mapema: Mungu amenitendea mema, namsifu, na hasira bado ninayo.

Binti yangu alianza kuanguka kabla hajaanza shule, hapa hapa Kimaka, Jinja, wakati baba yake bado ni askari. Mnajua tunavyofanya. Mtoto wa kifafa akianguka anafunikwa kitenge mwili mzima, watu wanageuza nyuso, haguswi mpaka atulie. Eti povu linaambukiza. Eti ukimtazama usoni ugonjwa unahamia kwako. Senga yake, dada ya mume wangu, alinifokea siku ya kwanza: "Funika, mama! Geuka! Unataka na huyo wa tumboni aanguke?" Nikafunika, nikageuka. Ndivyo tulivyolelewa sote, msijifanye wageni.

Tukaenda kliniki. Mwenye kliniki hakumpima hata joto. "Hii si ya hospitali, mama. Ipeleke nyumbani." Nyumbani, yaani kwa waganga! Mume wangu alipopunguzwa jeshini tukahamia kwetu Nakaloke, karibu na Mbale, na waganga wa Mbale wakamchanja mtoto chale mgongo mzima. Kuku wetu wakaisha, kifafa hakikuisha.

Kisha akaangukia jikoni. Watu wazima walikuwepo, wenye mikono yao miwili. Wakakimbia wote. Mkono wa mtoto ulibaki kwenye makaa mpaka niliporudi kutoka kisimani. Hadi leo nikikumbuka harufu ile nataka kumpiga mtu. Samahani, mchungaji, lakini ni kweli.

Jirani yangu mmoja, hajati anayeuza nguo, alikuwa akivuka mpaka wa Malaba kununua mali Kenya. Alipouona ule mkono hakukaa hata chini. "Mama, funga mzigo. Eldoret kuna daktari wa kifafa. Kesho tunakwenda." Mwislamu huyo. Sisi kanisani bado tulikuwa tunapanga siku ya maombi.

Daktari alikuwa mama wa makamo. Akaniuliza maswali mepesi. Akianguka, macho yanaelekea wapi? Unaanza mkono gani? Kichwa kinageuka? Ndugu zangu, nimemlea mtoto huyu miaka yote hiyo, nimevuka mpaka, na sina la kujibu! Hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kumwona akianguka.

"Mama, bila kujua hayo nitabahatisha tu," akasema.

Akatuambia turudi kesho yake. Tukiwa tumekaa mbele yake, binti akaanguka. Mikono yangu ikavuta kitenge yenyewe. Daktari akaninyang'anya. "Usimfunike! Piga magoti hapa. Niambie unachoona." Akamlaza ubavu, nami nikatazama. Mdomo ulivutwa kushoto, vikafuata vidole, kisha mwili mzima. Nilitaja kila kitu kwa sauti huku nalia. Alikuwa ni mtoto wangu tu, mwenye sura ile ile niliyoizaa. Povu likanimwagikia mkononi. Niko hapa, mnaniona, sijaanguka.

Ugonjwa ukajulikana: sehemu moja ya ubongo iliumia, pengine kwa malaria kali ya utotoni. Wala si mizimu, wala si laana ya ukoo wa mtu. Akaandikiwa vidonge vya kumeza kila siku. Na hapa nisikilizeni vizuri. Vidonge vile vinauzwa Mbale. Vinauzwa Jinja. Vilikuwepo siku zote, na hakuna aliyefungua mdomo kuniambia!

Tumerudi Kimaka, binti anasoma, na kuanguka kumekuwa kwa nadra sana. Namshukuru hajati. Namshukuru yule daktari. Namshukuru mume wangu, aliyesimama mlangoni akawazuia waganga walipotaka kurudi.

Ninaloomba kwenu ni hili. Mtoto akianguka, mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumuumiza, usimtie kitu mdomoni. Kaa naye, mtazame vizuri, kisha mpeleke hospitali ukaseme ulichoona. Wakikufukuza, nenda kwingine.

Nimemaliza. Binti yangu yuko kule nyuma. Mmemwachia benchi nzima peke yake. Mimi leo nitakaa hapa mbele, nione nani atakwenda kukaa naye.