Mama Laini wa Swichibodi na Safu ya Alhamisi

Mama yetu mpendwa, ambaye nusu ya mji huu ilimjua kwa sauti kabla haijamjua kwa sura, alizaliwa Jumapili tarehe 14 Machi 1948, katika nyumba ya pili kutoka kituo cha reli. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya saba wa fundi viatu na mkewe mkunga. Inasemekana alilia kwa nguvu hata bibi yake, aliyekuwa ng'ambo ya ua, akasema, "Huyu hata akipotea sokoni tutampata."

Alianza shule ya msingi mwaka 1955, na mwaka 1963 alijiunga na sekondari ya wasichana ya bweni, alikomaliza mwaka 1966. Alikuwa hodari wa hesabu na mgumu wa kunyamaza. Shuleni hapo mwalimu mkuu alikuwa na desturi ya kufungua na kusoma barua za wanafunzi kabla hazijapelekwa posta. Marehemu aliandika juu kabisa ya barua kwa mama yake: "Shikamoo mwalimu mkuu. Ukimaliza kusoma, tafadhali ibandike vizuri kwa gundi." Alifyeka nyasi wiki nzima. Lakini tangu wiki hiyo barua zake zilifika nyumbani zikiwa zimebandikwa barabara.

Tarehe 8 Januari 1968 aliajiriwa kuwa opereta katika kituo cha simu. Kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya swichibodi akiwa na visikizio kichwani, akichomeka na kuchomoa nyaya ili watu waongee. Alizijua laini mia tatu kwa namba zake, na hapo ndipo alipopewa jina la Mama Laini, angali hajazaa. Daktari akitafutwa, Mama Laini alijua yuko nyumba ipi. Mtu akipiga simu ya msiba, hakumkata hata muda ulipokwisha.

Hapa tunafika mahali ambapo wengine wangeruka. Sisi haturuki, kwa sababu marehemu mwenyewe alituagiza akiwa na akili zake timamu: "Mkinipaka sukari tupu pale kaburini, nitaamka nisahihishe." Mwezi Mei 1971, bwana mmoja mwenye suti ya kijivu alikuja kituoni na barua. Msimamizi akamwita Mama Laini pembeni, akamwambia kwamba kuanzia siku hiyo asikilize mazungumzo yote ya laini namba 47 na kuyaandika. Laini hiyo ilikuwa ya nyumbani kwa mwalimu mmoja, katibu wa chama cha walimu, aliyekuwa akiwaandaa wenzake kwa mgomo. Mama alikuwa na miaka ishirini na mitatu, ajira yake ikitegemea neno la msimamizi huyo huyo, na wadogo zake wanne wakisomeshwa kwa mshahara wake. Alisikiliza. Kwa siku kumi na moja aliandika kila kitu, mambo ya mgomo na hata homa ya mtoto wa mwalimu. Siku ya kumi na mbili mwalimu alikamatwa. Alikaa ndani miezi minane, na hakufundisha tena katika shule ya serikali.

Mwezi uliofuata, bwana wa suti alirudi na namba nyingine. Mama alimwambia msimamizi, "Masikio yangu yameharibika."

"Yameharibika lini?"

"Tangu yale ya mwezi uliopita."

Alihamishiwa meza ya malalamiko, akakaa huko miaka sita akisikiliza watu wakigomba kuhusu simu mbovu. Alisema baadaye kwamba hakuna kelele zilizowahi kumpa raha kama zile.

Mbali na msimamizi na bwana wa suti, mtu pekee aliyejua habari hiyo alikuwa mchumba wake, fundi wa kupanda nguzo za simu. Hao walipatana kwa waya. Fundi alikuwa akipanda nguzo, anapima laini, anapiga kituoni: "Nasikika?" Naye anajibiwa, "Unasikika, shuka." Siku moja akaambiwa, "Fundi, laini hiyo umeipima mara tatu leo." Akajibu, "Nahakikisha." Kabla ya posa, Mama alimweleza kila kitu na kumwambia kama anataka kumwacha, amwache sasa. "Sikuachi," fundi alisema. "Lakini siku moja utamwambia mwenyewe." Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 5 Agosti 1972, wakajaliwa watoto watatu, wa kike wawili na wa kiume mmoja.

Mwaka 1996 mitambo ya simu inayojiendesha yenyewe iliwekwa kituoni, na Mama akastaafishwa. Mwaka uliofuata, magazeti yakaandika kwamba serikali inaandaa sheria ya kusikiliza simu za mkononi. Wengine walisoma wakageukia ukurasa wa michezo. Mama alichukua kalamu, akamwandikia mhariri barua, na kwa mara ya kwanza akayasema hadharani yale ya laini namba 47. "Sikushikiwa bunduki," aliandika. "Nilishikiwa barua moja, na woga wangu ukafanya kazi iliyobaki. Kwa hiyo sheria hii iseme wazi: nani atasikiliza, kwa kibali cha nani, kwa siku ngapi, na nani atamwambia aliyesikilizwa."

Barua ilichapishwa. Majirani wengine walimpa mkono, wengine waliacha kumsalimia. Jumapili ya pili, alasiri, mlango ulibishwa. Baba alipofungua, alimkuta mzee mwenye mvi na fimbo. Alikuwa yule mwalimu.

Binti mkubwa wa Mama, ambaye ndiye anayesoma wasifu huu, alikuwepo sebuleni na aliyaona kwa macho yake. Mama alisimama, akasema, "Shikamoo, mwalimu," bila kuthubutu kumtazama.

"Marahaba. Wewe ndiye uliyekuwa unakohoa?"

Mama hakuelewa.

"Kwenye laini. Kila nikizungumza na mwenzangu, nasikia mtu anakohoa kwa mbali. Nikamwambia mke wangu, huyu mpelelezi wetu atakufa kabla hajatukamata."

"Nilikuwa na mafua," Mama alisema, kisha akaangua kilio kama mtoto.

Mwalimu alimsubiri. Hakumwambia kwamba si kitu. "Miezi minane ni mingi, mwanangu," alisema. "Sikuja kukupunguzia hata siku moja. Nimekuja kwa sababu waliotusikiliza walikuwa wengi, na aliyesema ni wewe peke yako." Akaomba chai. Wiki iliyofuata alimshika mkono mpaka ofisini kwa mhariri, akasema, "Huyu mpe nafasi aandike kila wiki. Anajua chumba kile kwa ndani."

Ndivyo ilivyoanza safu ya "Nani Anasikiliza?" Ilitoka kila Alhamisi kuanzia tarehe 6 Novemba 1997, kwa karibu miaka ishirini na saba. Mwalimu alisahihisha kila makala kwa wino mwekundu mpaka alipofariki mwaka 2009. Mama aliandika juu ya usajili wa laini, alama za vidole, waajiri wanaosoma ujumbe wa wafanyakazi, na wabunge wanaopitisha sheria ambazo hawajazisoma. Hakuwa adui wa mashine. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza mtaani kununua kompyuta, na aliigombeza kila asubuhi kwa jina. Ila makala aliziandika kwa mkono, akawasomea watu wa gazeti kwa simu, koma na nukta zote. Kijana wa chumba cha habari akimharakisha, alimwambia, "Tulia baba, sheria mbovu nyingi zimeandikwa na watu wenye haraka."

Mwezi Juni 2015, kamera za kutambua sura zilifungwa sokoni. Wiki ya tatu zikamtambua fundi cherehani wa kibaraza cha mashariki kuwa ni mwanamke mwingine aliyekuwa akitafutwa kwa wizi katika mji ambao fundi huyo hajawahi kuukanyaga. Aliwekwa rumande siku nne. Kila alipojitetea, askari alimjibu, "Mashine imesema." Mama aliandika kisa hicho, akaziweka picha mbili, ya fundi na ya yule aliyetafutwa, kando kando ili kila mwenye macho aone. Asubuhi ya pili maofisa wawili walimfuata nyumbani wakitaka kujua nani alimpa picha ya pili. Waliichukua simu yake, wakataka na namba ya siri.

"Mama, simu si yako? Basi fungua tu," ofisa mmoja alimwambia, kwa heshima kabisa.

"Simu ni yangu, mwanangu. Lakini waliomo ndani ni wengi, na hawajanipa ruhusa. Niletee karatasi ya hakimu."

Hawakuwa nayo. Alishinda kituo cha polisi siku mbili mfululizo kwenye benchi, na miaka yake sitini na saba, akifuma sweta. Baba alimpelekea miwani na kumuuliza kama anaogopa. Alimjibu, "Naogopa sana. Lakini safari hii naogopa nikiwa upande unaofaa." Kisha yeye na fundi cherehani wakafungua kesi pamoja. Wakili wao alikuwa binti wa miaka ishirini na tisa ambaye hajawahi kusimama mbele ya jaji wa mahakama kuu. Tarehe 22 Septemba 2016 jaji aliamua kwamba simu ya mtu haifunguliwi bila kibali cha mahakama, na kwamba neno la kamera peke yake halitoshi kumkamata mtu. Fundi cherehani aliombwa radhi hadharani, pale pale kibarazani pake. Simu ya Mama ilirudishwa betri ikiwa imevimba. "Angalau wameilisha vizuri," alisema, na mahakama ikacheka pamoja naye, hata yule ofisa.

Mwezi Februari 2022 miguu yake ilianza kujaa, na madaktari wakakuta moyo umechoka. Alilazwa mara tano. Wodini alimwona muuguzi akipiga picha faili lake kwa simu, akamuuliza picha hiyo inakwenda wapi. Muuguzi akamweleza kwamba inatumwa kwenye kundi la madaktari ili wasaidiane. "Vizuri," alisema Mama, "wasaidiane. Lakini jina langu wanalihitaji la nini, wakati moyo ndio unaoumwa?" Alipolazwa tena, alikuta tangazo ukutani: funika jina la mgonjwa kabla ya kupiga picha. Alifurahia karatasi ile kuliko dawa. Alimalizia safu yake kitandani, yeye akisema na binti yake akiandika, ya mwisho ikichapishwa Alhamisi tarehe 3 Oktoba 2024. Jumanne tarehe 8 Oktoba 2024, saa mbili na robo asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Baba, alituaga akiwa na umri wa miaka sabini na sita.

Ameacha mume, watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu saba, kitukuu mmoja, wadogo zake watatu, mjane wa mwalimu ambaye alimwita dada, na wasomaji ambao hatuwezi kuwahesabu. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba sita, jirani zetu, na chumba kizima cha habari.

Jana mchana, wakati tukipanga viti hivi mlivyokalia, ilifika barua yenye jina lake. Kamati ya Bunge inayopitia muswada wa sheria ya kulinda taarifa za watu imeyapokea maoni aliyoyatuma mwezi Agosti, kurasa nne za mkono wake, na inamwita akayaeleze ana kwa ana Jumatano tarehe 23 Oktoba. Tulipiga simu kuwaarifu kwamba hayupo tena. Karani alitupa pole, kisha akasema nafasi yake kwenye orodha haijafutwa, na akauliza kama kuna mtu wa kuikalia. Fundi cherehani alikuwa jikoni akiosha vikombe, akasikia. Akafuta mikono. "Nitakwenda mimi," alisema. "Mniandikie kwa herufi kubwa, miwani yangu haisomi maandishi madogo." Kurasa zote nne zimekwisha kunakiliwa, na nguo ya kwenda nayo ameishona usiku wa kuamkia leo.

Mama, lala salama, na Mungu akupe amani isiyo na mwisho.