Kiti Kando ya Cherehani

Ndugu, jamaa na majirani mliofika kumsindikiza Fundi, historia hii imeandikwa na mume wa marehemu na inasomwa na shemeji yake, kaka mkubwa wa marehemu, ambaye ameombwa asome kila neno lililoandikwa, hata yale ambayo angependa kuyaruka kwa heshima, kwa kuwa tangu Jumapili kuna jambo linasemwa mtaani, kwamba marehemu alijisahau kwa kupenda cherehani mno mpaka ugonjwa ukamkuta, na jambo hilo si kweli, na anayejua kuwa si kweli amekaa kimya kwa mwaka mmoja na miezi miwili.

Marehemu alizaliwa Alhamisi, tarehe 9 Juni 1966, akiwa mtoto wa pili kati ya watano, baba yake akiwa fundi viatu na mama yake muuguzi wa zahanati. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1973 hadi 1979, akaendelea na sekondari hadi mwaka 1983, na ripoti yake ya mwisho, aliyoihifadhi ndani ya kopo la vifungo, inasema kwamba mwanafunzi huyu anaongea sana darasani lakini kazi yake daima imekamilika, maneno ambayo mume wake aliyasoma juzi kwa mara ya kwanza, ingawa kopo hilo lilikuwa sebuleni kwake kwa miaka thelathini na mitano.

Baada ya miaka miwili ya chuo cha ushonaji aliajiriwa, tarehe 3 Februari 1986, katika kiwanda cha sare za shule, na huko ndiko mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu, mwembamba, mwenye saa mbili, moja mkononi na nyingine mfukoni endapo ya kwanza itasimama, alimpelekea suruali iliyopasuka, akaambiwa arudi saa tisa, akarudi saa nane na dakika arobaini, akamkuta fundi anacheka na wenzake watatu, akaanza kumhubiria habari ya kuheshimu muda, na fundi akamkabidhi suruali iliyokwisha kushonwa na kupigwa pasi, akamwambia, "Kaka, umewahi dakika ishirini, sasa utazifanyia nini?" Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 17 Desemba 1988, wakajaliwa watoto watatu, binti mwaka 1990, kijana mwaka 1993 na binti wa mwisho mwaka 1997, na kwa swali lile la dakika ishirini mume wa marehemu hajapata jibu hadi leo.

Mwaka 1994 marehemu aliacha kiwanda na kufungua kazi yake mwenyewe katika chumba cha mbele cha nyumba yao, chumba cha hatua tano kwa nne, na kitu cha kwanza alichokiweka, kabla hata ya meza ya kukatia, kilikuwa kiti cha mbao kando ya cherehani, kwa ajili ya yeyote atakayeingia. Wote mliopo mmekikalia kiti hicho. Mnajua alivyokuwa akiwasikiliza huku mguu uko kwenye pedeli na kitambaa kinatembea, na mnajua kwamba habari ilipokuwa nzito aliuondoa mguu, cherehani ikanyamaza, na jirani wa ng'ambo aliposikia kimya kile alijua kuna mtu mwenye shida mle ndani, akateka maji ya chai akayabandika jikoni.

Nyuma ya ukuta uleule, katika chumba kikubwa zaidi, alikaa mume wake, mhadhiri, mtu aliyealikwa katika maofisi kuwafundisha watu wazima namna ya kutumia saa zao. Inapasa chumba hicho kielezwe. Kulikuwa na ratiba ya ukutani yenye rangi nne, kulikuwa na saa ya jikoni ya kuhesabia dakika, iliyogawa siku katika vipande vya dakika hamsini hamsini, simu ilifungiwa kwenye droo na ufunguo ukawekwa juu ya kabati ili kuufikia kuwe na taabu, na mlangoni ilining'inia kadi nyekundu iliyoandikwa NIPO KAZINI. Mwenye chumba aliamka saa kumi alfajiri, akatumia nusu saa kuandika atakachofanya, na jioni nusu saa nyingine kuandika kwa nini hakukifanya. Kitabu chake kuhusu matumizi ya muda alikianza mwaka 2008, na mpaka leo hii kiko sura ya tatu. Wifi wa marehemu, mke wa msomaji wa historia hii, aliwahi kumuuliza mbele ya wageni, "Shemeji, huo mpango wa kupanga mpango nao umeupangia siku gani?" na watu wakacheka, na yeye akaenda kuandika kwenye daftari kwamba kicheko hicho kimemgharimu dakika kumi na mbili.

Mwaka 2009 alifanya jambo ambalo watoto wake wanalikumbuka kwa aibu. Kwa siku sita alikaa na daftari akiandika kila mtu aliyekalia kiti kile, ameingia saa ngapi, ametoka saa ngapi, akapata watu arobaini na mmoja, akachora jedwali, akamwekea mke wake mezani ili aone anavyopotezewa muda. Marehemu alilitazama kwa makini, akasifu mistari ilivyonyooka, kisha akasema, "Baba, na wewe wiki nzima ulipokuwa unawahesabu, ulikuwa unafanya kazi gani?" Wiki hiyo marehemu alishona magauni saba na sare kumi na nne. Mume wake alikuwa amemaliza jedwali.

Tunafika kwenye ugonjwa, na hapa msomaji anaombwa asiharakishe. Jumanne, tarehe 14 Machi 2023, saa nne na robo asubuhi, marehemu alifungua mlango wenye kadi nyekundu, futi ya kupimia ikiwa shingoni, akasema, "Baba, nina jambo." Saa ya jikoni ilikuwa imebakiza dakika ishirini na mbili. Mume wake hakugeuza kichwa, aliinua penseli akaielekeza kwenye kadi, marehemu akasema, "Haya," akafunga mlango polepole. Kazi ambayo haikuweza kusubiri siku hiyo ilikuwa kuchagua rangi za ratiba ya mwezi wa nne. Saa ilipolia alitoka, akamkuta mke wake na wateja watatu wanacheka, akajiridhisha kwamba jambo lenyewe lilikuwa dogo, na hakuuliza, siku ile wala siku nyingine yoyote. Kwa nini marehemu hakurudi tena kusema, mume wake hajui, na hana haki ya kukisia.

Jambo lenyewe lilikuwa uvimbe kwenye titi la kushoto. Tarehe 27 Julai 2023, mkono ulipokuwa umeanza kuvimba, walikwenda hospitali, na daktari akauliza umeanza lini, marehemu akajibu, "Mwezi wa tatu, daktari, kazi zilikuwa nyingi." Hakusema kazi za nani. Mume wake alikuwa ameketi hatua moja kutoka kwake, akaitazama saa yake, akanyamaza, na kimya hicho ndicho kilichozaa maneno yanayosemwa mtaani. Kama ile miezi minne ingebadilisha chochote, daktari hakusema, na mume wa marehemu anawaomba msije kumfariji kwa hilo.

Marehemu alifanyiwa upasuaji tarehe 15 Agosti 2023, akaendelea na matibabu, na hata hapo mwenye ratiba hakupona ugonjwa wake. Alibandika ukutani jedwali la dawa kwa rangi, akawawekea wageni robo saa kila mmoja, na ili wasizidishe akakiondoa kile kiti, kilichokuwa kimehamishiwa chumbani kwa mgonjwa. Marehemu alimwita kijana wake, akamwambia, "Rudisha kiti. Baba yako mwache na karatasi zake." Kiti kilirudi, nanyi mlikikalia mpaka Jumapili, tarehe 6 Oktoba 2024, saa moja kasoro dakika kumi asubuhi, alipofariki akiwa na umri wa miaka hamsini na minane, binti yake wa kwanza akiwa amekikalia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanawake, inawashukuru wafanyakazi wenzake wa kiwandani waliokuja kila wiki, inamshukuru jirani wa ng'ambo na birika lake, na kwa namna ya pekee inamshukuru fundi mwenzake wa duka la pili kutoka nyumbani kwao, aliyekaa naye miezi ya mwisho wakikamilisha nguo za watu. Juzi wanafamilia walipofungua chumba cha mbele walikuta kila nguo imekwisha, imekunjwa, na jina la mwenyewe limeandikwa. Moja tu haikuwa imeshonwa. Ni shati, kitambaa kimekatwa kwa kukadiria tangu Februari 2023, vipande vimefungwa kwa utepe, na juu yake kuna karatasi yenye mwandiko wa marehemu: "Baba. Vipimo bado." Alimwita mara tatu aje asimame apimwe, akaahidiwa Jumamosi mara tatu.

Jana mume wa marehemu alikwenda duka la pili, akasimama wima, akapimwa shingo, mabega na mikono, na kwa kuwa hajaacha tabia yake aliitazama saa. Kazi yote ilichukua dakika nne.

Mama, umemaliza kazi zako zote, iliyobaki ni yangu. Lala kwa amani.